Maswali na Majibu: "Umehubiri, Hukufafanua"

Mwezi huu tumejibu barua za wanafunzi wa Biblia na theolojia. Nyingi zinalalamikia alama. Tumeanza na barua iliyoliweka tatizo waziwazi kuliko zote, na ndiyo maana jibu lake ni refu.

Walimu, shikamooni. Niko mwaka wa kwanza wa stashahada. Niliandika insha ya eksejesia, yaani ufafanuzi wa maandiko, ya maneno 2,500 juu ya Marko 5:21–43, habari ya Yairo, aliyemjia Yesu kwa ajili ya binti yake mgonjwa, na ya mwanamke aliyetokwa na damu. Imerudi na alama 41 na maneno mawili ya wino mwekundu: "Umehubiri, hukufafanua." Kifungu hiki nimekihubiri mara nyingi na watu hubarikiwa. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

Marahaba. Huenda kila ulichoandika ni kweli, na bado mkufunzi wako yuko sahihi. Mhubiri huanza na walioketi mbele yake, akalitafuta neno litakalowafaa. Mfafanuzi huanza na maandiko, akakaa nayo mpaka ajue mwandishi alikuwa akiwaambia nini wasomaji wake wa kwanza. Ukianza na msikilizaji, utaona katika kifungu yale tu uliyokwisha kuyabeba mfukoni.

Jipime hivi. Chukua insha yako, upigie mstari kila penye "sisi", "leo" na "maishani mwetu". Maneno hayo yakianza kutokea kabla ya robo ya mwisho, hapo ndipo ulipotoka nje ya kifungu.

Sasa kazi yenyewe. Soma Injili ya Marko yote kwa mkao mmoja. Ni sura 16, saa moja na nusu hadi mbili. Kisha nakili kifungu chako kwa mkono upande wa kushoto wa karatasi, kishazi kimoja kwa kila mstari, upande wa kulia ubaki mtupu. Huko kulia andika unayoyaona. Usifungue kitabu cha mfafanuzi yeyote mpaka ufikishe mambo 20. Jambo lililoonwa ni lile ambalo hata mtu asiyekubaliana nawe unaweza kumwonyesha kwa kidole. "Yesu ana huruma" si jambo lililoonwa. Hilo ni hitimisho. "Mwanamke ameugua miaka 12 (mst. 25) na msichana ana miaka 12 (mst. 42)" ni jambo lililoonwa.

Katika kifungu hiki kuna mengi. Habari moja imewekwa ndani ya nyingine: Yairo anaanza, mwanamke anaingia katikati, kisha tunarudi kwa Yairo. Marko hupenda ufundi huu; utaukuta tena katika 3:20–35, 6:7–30 na 11:12–25. Yairo anaanguka miguuni pa Yesu (mst. 22), na mwanamke naye anaanguka mbele yake (mst. 33). Yesu anamwita mwanamke "binti" (mst. 34), na sentensi inayofuata inaleta habari kwamba "binti" wa Yairo amekufa (mst. 35). Imani ya mwanamke imetajwa hadharani, na papo hapo Yairo anaambiwa aamini tu (mst. 36). Mtu mwenye cheo na jina anafundishwa imani na mwanamke ambaye hata jina hakupewa. Hilo limetoka kwenye kifungu chenyewe, na unaweza kulitetea mstari kwa mstari.

Hatua inayofuata ni kulinganisha. Marko ametumia mistari 23, Luka 17 (8:40–56), Mathayo 9 tu (9:18–26). Mathayo amekata nini? Kwake msichana amekwisha kufa tangu Yairo anapofika, kwa hiyo wajumbe wa kuleta habari ya msiba hawahitajiki, na shaka ya njiani inapotea. Waganga waliommalizia mwanamke mali yake nao hawamo. Luka anataja umri wa msichana mwanzoni (8:42), Marko anauacha mpaka mwisho, baada ya msichana kusimama. Andika tofauti hizi katika safu tatu, halafu uliza: Marko peke yake anasisitiza nini? Usiharakishe kuzipatanisha. Mwanafunzi anayetumia nusu ukurasa kuthibitisha kwamba Injili hazipingani amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Angalia na lugha. Kitenzi cha Kigiriki *sozo* kiko katika mistari ya 23, 28 na 34, na katika 8:35 kitenzi hicho hicho kinatafsiriwa "kuokoa". Katika mstari wa 29 Marko ametumia kitenzi kingine, *iaomai*, cha kuponywa maradhi. Kiswahili chetu kinasema "kupona" kote, kwa hiyo tofauti hiyo huioni bila Kigiriki. Na kwa kuwa tumefika hapo: *kumi* ya "Talitha, kumi" si namba. Ni Kiaramu, maana yake "inuka", na Marko mwenyewe ameitafsiri. Mathayo na Luka hawakuandika maneno hayo ya Kiaramu.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata wanafunzi hodari. Mambo ya Walawi 15:25–27 yanasema mwanamke anayetokwa na damu nje ya siku zake ni najisi, na Hesabu 19:11 inasema anayegusa maiti ni najisi siku 7. Wengi hujenga insha nzima juu ya unajisi. Lakini neno "najisi" halimo katika Marko 5:21–43, na hakuna mtu katika umati anayelalamika kwamba ameguswa. Taja sheria hiyo kama mandhari, sema kwamba Marko ameinyamazia, kisha upime uzito wake. Kuikuza kuliko alivyofanya mwandishi ni kuhubiri kwa mlango wa nyuma.

Baada ya hayo fungua wafafanuzi, angalau watatu, wasiotoka katika mapokeo mamoja ya kanisa. Watumie kukupinga, si kukuandikia. Ukikuta wote watatu wameona jambo usiloliona, rudi kwenye karatasi yako uliangalie mwenyewe kabla ya kulinakili.

Kwa maneno 2,500 tungegawa hivi: utangulizi wenye hoja yako kwa sentensi moja, 200, muktadha wa kifungu ndani ya Marko, 400, uchambuzi, 1,200, theolojia ya Marko inayojitokeza, 450, hitimisho, 250. Huko mwisho ndiko ruhusa ya kusema "leo", na aya moja yatosha. Tanbihi iandike palepale unapotumia wazo la mtu. Ukisema utazijaza usiku wa mwisho, utasahau nusu yake, na mkufunzi ataiita hali hiyo wizi wa maandishi hata kama hukukusudia.

Nilijifunza kanisani kwamba Kigiriki kina *agape*, upendo wa Mungu, na *fileo*, upendo wa kirafiki, na kwamba katika Yohana 21, Yesu alipomwuliza kama anampenda, Petro alishindwa kufika kwenye *agape*. Mhadhiri ameyakata yote. Je, yeye haamini?
*Mwinjilisti, masomo ya jioni*

Tusimpime imani mhadhiri kwa kalamu yake nyekundu. Chukua itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha kila mahali neno linapotokea) yenye maneno ya Kigiriki, ufuatilie neno lenyewe. Yohana 3:19 inasema watu *walipenda* giza kuliko nuru: kitenzi ni *agapao*. Dema aliyemwacha Paulo kwa *kuupenda* ulimwengu wa sasa (2 Timotheo 4:10): *agapao*. Katika Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki, Amnoni anayemtamani na kumnajisi dada yake Tamari (2 Samweli 13) anatumiwa kitenzi hicho hicho. Upande wa pili, Baba anampenda Mwana kwa *agapao* katika Yohana 3:35, na kwa *fileo* katika Yohana 5:20. Kama *fileo* ni upendo wa daraja la chini, tumefika pabaya.

Katika Yohana 21:15–17 mwandishi amebadilisha pia maneno ya "kondoo", ya "kulisha" na "kuchunga", na hata ya "kujua", na hatujasikia anayejenga fundisho juu ya hayo. Yohana ana desturi ya kubadilisha maneno yanayokaribiana. Tena maandiko yenyewe yanataja sababu ya huzuni ya Petro: ameulizwa mara ya tatu, naye alikana mara tatu.

Kosa hili lina ndugu wawili. La kwanza ni kulipa neno la kale maana ya neno jipya. Wanaosema *dunamis* ("nguvu") ya Warumi 1:16 ni "dinamiti ya Mungu" wasahau kwamba dinamiti ni ya Alfred Nobel, mwaka 1867; Paulo hakuwa na baruti akilini. La pili ni kudhani maana ya neno imefichwa katika vipande vyake. *Ekklesia*, husemwa, ni "walioitwa watoke", basi kanisa ni watu waliotoka duniani. Lakini Matendo 19:32 inaliita *ekklesia* lile kundi la Efeso lililokuwa likipiga kelele, na wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika. Lugha yetu ingetufundisha hilo bila Kigiriki: "mwanafunzi" lina "mwana" ndani yake, na mzee wa miaka 60 akijiandikisha chuoni haitwi mtoto.

Utaratibu wa kuchunguza neno ni huu: anza na kifungu chako, kisha mahali pengine mwandishi huyo huyo alipolitumia, kisha Agano Jipya lote, kisha Septuaginta. Kamusi ije baada ya hapo. Kila mahali andika nani anatenda, anamtendea nani, na nini kinatokea. Maana huamuliwa na sentensi.

Kigiriki kimenishinda. Nasoma saa nne kila Jumamosi, Jumatano nimesahau. Na muhula ujao tunaanza Kiebrania. Nifanyeje?
*Aliyechoka*

Acha Jumamosi. Soma dakika 25 kila siku, siku 5 kwa wiki, kwa sauti. Sikio hushika kile ambacho jicho linakipita.

Agano Jipya la Kigiriki lina maneno takriban 138,000, lakini msamiati wake ni kama maneno 5,400. Kati ya hayo, takriban 320 hutokea mara 50 au zaidi, na hayo peke yake yanachukua karibu asilimia 80 ya maandiko yote. Maneno 4 kwa siku ni 20 kwa wiki. Katika wiki 16 umeyamaliza. Usianze na maneno adimu kwa sababu yanasikika ya kitheolojia.

Kabla ya vitenzi, shika jedwali la kibainishi, neno dogo linalotangulia nomino (*ho, he, to*): jinsi 3, hali 4 (maumbo yanayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi), umoja na wingi, jumla maumbo 24. Wanafunzi huliruka kwa kuwa linachosha, halafu wanakwama mwezi wa tatu. Nomino ikikuchanganya, kibainishi kilicho mbele yake ndicho kitakachokuambia kama ni mtenda au mtendwa. Msemaji wa Kiswahili ana nafuu hapa: upatanisho wa ngeli ameuzoea tangu utotoni, na jinsi za Kigiriki ni aina ya ngeli, hazihusu uanaume na uanamke wa kitu. Kitenzi kinachobeba mtenda ndani yake nacho si kigeni kwetu. Tofauti ni kwamba sisi tunamweka mwanzoni, wao mwishoni.

Biblia yenye tafsiri chini ya kila neno iweke mbali wakati wa zoezi. Jicho litakwenda chini lenyewe, na utadhani unasoma Kigiriki kumbe unasoma tafsiri.

Kiebrania kina herufi 22, husomwa kutoka kulia, na 5 kati yake hubadilika umbo mwishoni mwa neno. Wengi hukosea *daleti* na *reshi*, *he* na *heti*, *beti* na *kafu*. Ziandike mbilimbili, zikiwa kubwa, mpaka mkono uone tofauti. Ukiweza kuahirisha Kiebrania mpaka Kigiriki kitulie, ahirisha. Ukilazimika, kimoja kiwe asubuhi na kingine jioni.

Kwenye mtihani niliandika kwamba Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ndio uliochagua vitabu vya Biblia. Nimepata sifuri. Kwani ni uongo?
*Mwanafunzi wa historia ya kanisa*

Ndiyo, si kweli, ingawa utaikuta kila mahali. Mtaguso ni mkutano wa maaskofu, na ule wa Nikea ulikaa kujadili mafundisho ya Ario, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Mtaguso ukajibu kwa neno *homoousios*: Mwana ana asili moja na Baba. Ulishughulikia pia tarehe ya Pasaka na kutoa kanuni 20 za nidhamu. Katika kanuni hizo orodha ya vitabu haimo.

Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyo hasa na si zaidi, iko katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Kabla ya hapo vilivyobishaniwa ni vichache: Waebrania, Yakobo, 2 Petro, 2 na 3 Yohana, Yuda, Ufunuo. Kodeksi ya Sinai, kitabu cha Biblia kilichoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, ina pia Barua ya Barnaba na Mchungaji wa Herma.

Mitaguso ikariri kwa maswali yake, tarehe zitafuata. 325: je, Mwana ni Mungu kweli? 381, Konstantinopoli: na Roho Mtakatifu je? 431, Efeso: aliyezaliwa na Maria ni nani, hata aitwe Mama wa Mungu? 451, Kalkedonia: Uungu na ubinadamu vinakaaje katika mmoja? Mnyororo ni ule ule. Na ile Kanuni ya Imani tunayoiita ya Nikea, jinsi inavyosaliwa, kwa sehemu kubwa ni ya 381. Ndiyo maana sehemu ya Roho Mtakatifu ni ndefu, wakati ile ya 325 ilisema tu "na katika Roho Mtakatifu".

Mhadhiri anafundisha kwamba Musa hakuandika Torati yote. Nikisema hivyo nyumbani naambiwa chuo kimenipoteza. Nikisema kinyume chuoni nafeli. Nisimame wapi?
*Katikati ya mito miwili*

Tenganisha vitu vitatu ambavyo mara nyingi huletwa katika kapu moja: kilichoandikwa, nadharia inayokieleza, na ungamo la imani yako.

Kilichoandikwa hakina mabishano. Kumbukumbu la Torati 34 inasimulia kifo na maziko ya Musa. Mwanzo 36:31 inataja wafalme wa Edomu "kabla" Israeli hawajawa na mfalme. Mwanzo 14:14 inataja Dani, mji ambao Waamuzi 18:29 yasema ulipewa jina hilo baadaye. Mwanzo 1 inasema "Mungu", na kuanzia 2:4 inasema "Bwana Mungu", na mpangilio wa uumbaji hubadilika. Hata katika Biblia ya Kiswahili unaliona.

Nadharia ni jaribio la kueleza hayo. Ile maarufu ya vyanzo vinne, isemayo Torati iliunganishwa kutoka maandishi manne ya awali, na iliyopewa sura yake na mtaalamu Mjerumani Julius Wellhausen mwaka 1878, imepingwa na kurekebishwa sana, hata na watu wasio na ugomvi wowote na uhakiki wa Biblia. Kuielewa si kuiungamia. Kwenye mtihani andika: "Wanaoshikilia nadharia hii husema…, kwa sababu…, wanaoipinga husema…" Hapo hujasema uongo, na alama utapata. Ukiulizwa msimamo wako, utoe pamoja na sababu zake.

Nyumbani, usianze na Wellhausen. Fungueni Kumbukumbu 34 msome pamoja, ukae kimya, uwaache wao waulize.

Je, naweza kutumia programu ya akili unde kutafuta vitabu vya marejeo?

Kutafuta, ndiyo, kuamini, hapana. Programu hizi huweza kubuni kitabu kizima pamoja na mwandishi, mwaka na ukurasa. Kitabu ambacho hukukifungua mwenyewe kisiingie kwenye bibliografia. Mistari ya Biblia inayokupa nayo ihakiki mmoja mmoja.

Biblia ya mwenzangu haina Matendo 8:37. Inaruka kutoka 36 hadi 38. Imeondolewa na nani?
*Msomaji mwenye mashaka*

Hakuna aliyeondoa. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, juu ya maandiko ya Kigiriki yaliyokuwapo wakati wake. Baadaye zilipatikana na kulinganishwa hati za kale zaidi, na sentensi hiyo haimo katika zilizo bora kati ya hizo. Wahariri wakaishusha kwenye tanbihi, namba ikabaki na pengo ili mistari mingine isihame. Marko 9:44 na 9:46 ni vivyo hivyo. Marko 16:9–20 haimo katika Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikano, lakini Biblia nyingi zimeiacha ndani na kuweka mabano au maelezo. Katika insha, sema una hati gani upande gani kabla ya kujenga hoja juu ya mstari kama huo.

Usichanganye jambo hilo na tofauti ya hesabu. Zaburi ya 23 ni ya 22 katika Septuaginta na Vulgata (Biblia ya kale ya Kilatini), na Yoeli 2:28 utaikuta kama Yoeli 3:1 katika Biblia ya Kiebrania. Hapo hakuna neno lililopungua.